Uvimbe kwenye tezi ya pituitari: Mama, nikatibiwe wapi?

BARUA

Shikamoo Mama,

Nimesoma majibu unayowapa wengine kwa miaka mingi, sikujua kwamba iko siku nitakaa chini nikuandikie mwenyewe.

Nina miaka 31. Nimeolewa, huu ni mwaka wa nne, na bado hatujajaliwa mtoto. Miezi 11 iliyopita siku zangu zilikoma ghafla. Nilidhani ni mimba, nikapima mara tatu kwa furaha, na mara zote hamna kitu. Baadaye maziwa yakaanza kutoka kwenye matiti. Mwanzoni yalitoka nikiyabana tu, siku hizi yanalowesha nguo yenyewe. Sijawahi kuzaa, Mama, na ninatoka maziwa. Niliona aibu hata kumwambia mume wangu.

Kichwa nacho kikaanza kuuma, nyuma ya macho, hasa asubuhi. Nilipewa vidonge vya maumivu pamoja na metoklopramidi ya kutuliza kichefuchefu, na hiyo metoklopramidi naendelea nayo mpaka leo, yapata miezi mitano. Mwezi uliopita mume wangu akaniuliza mbona kila nikipita mlangoni nagonga bega kwenye fremu. Sikuwa nimetambua. Ndipo nikapelekwa kupigwa MRI, picha ya kuonyesha ndani ya kichwa.

Ripoti inasema nina uvimbe kwenye tezi ya pituitari, milimita 17, umepanda juu na kugusa mahali mishipa ya macho inapokutana. Daktari wa upasuaji wa ubongo katika hospitali iliyo karibu nasi alinieleza kwa upole kwamba utatolewa kupitia puani, akanipa tarehe. Zimebaki siku 19. Damu nilipimwa, lakini kwenye karatasi naona wingi wa damu, sukari, figo na ini tu.

Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Mjomba wangu amesema hakuna wa kunigusa kichwa hapa nchini. Ameshaandikiana na wakala wa hospitali moja ya nje, wakajibiwa ndani ya saa moja: upasuaji, hoteli na tiketi, siku kumi tu nimerudi nyumbani. Watu wameanza kukusanya fedha. Mama yangu mzazi hataki kusikia habari ya kisu, anasema ubongo ukishafunguliwa mtu harudi alivyokuwa. Rafiki wa mume wangu, ambaye ni muuguzi, anatushauri twende hospitali ya rufaa iliyo mbali, safari ya siku nzima. Anasema huko wako madaktari wa homoni wanaokaa pamoja na wa upasuaji, na uvimbe wa aina hii wanauona kila wiki. Ila foleni yao ni ya miezi.

Mume wangu ananiambia niamue mimi, yeye atakuwa nyuma yangu. Nampenda kwa hilo, lakini sijui naamua kwa kutumia nini. Je, hii ni kansa? Nitapofuka? Nitazaa? Na kati ya hizi hospitali tatu, niende wapi?

Binti yako mwenye hofu


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma jana usiku, nikaamka leo nikairudia. Nimeiweka mbele ya nyingine zote kwa sababu ya siku hizo 19 na kwa sababu ya huo mlango unaougonga. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, sehemu kubwa katika wodi ya upasuaji wa ubongo na baadaye kliniki ya homoni, kwa hiyo wagonjwa wa tezi hii nimewaona wakiingia na nimewaona wakitoka. Siwezi kukupima kwa barua. Naweza kukuonyesha mahali ambapo mambo yamerukwa.

Umeniuliza wapi. Tutafika huko. Lakini kuna swali ambalo katika barua yako nzima sijaona mtu aliyelijibu: uvimbe huo ni wa aina gani? Mjomba ana mahali pake, muuguzi ana mahali pake, wakala naye ana pake. Hakuna hata mmoja mwenye jina la ugonjwa. Kwenye tezi hii, jina la ugonjwa ndilo linaloamua kama utahitaji kisu au vidonge.

Pituitari ni kitu kidogo sana, ukubwa wa punje ya njegere, uzito kama nusu gramu, imekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Kwa udogo huo ndiyo inayoziamrisha tezi ya thairoidi shingoni, tezi zilizo juu ya figo, ovari za mwanamke na korodani za mwanamume. Ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji, ndiyo inayotoa prolaktini ya kutengeneza maziwa, na ndiyo inayoziambia figo zizuie maji kiasi gani. Uvimbe unaoota hapo karibu daima si kansa. Hausafiri kwenda kwenye ini wala mapafu. Shida yake ni mbili: unaweza kumwaga homoni fulani kupita kiasi, na unaweza kuwabana majirani, ambao ni tezi yenyewe kwa ndani na mishipa ya macho kwa juu. Mwambie mama yako hilo la kansa leo hii, maana nadhani neno hilo ndilo linalomliza kuliko kisu chenyewe.

Sasa aina zake. Uko uvimbe unaotoa homoni ya ukuaji, mtu akaona viatu na pete havimwenei tena na sura inabadilika. Huo huitwa akromegali. Uko unaozichochea tezi za juu ya figo zitoe kotisoli nyingi, mwili ukanenepa tumboni na usoni, ngozi ikawa nyepesi, shinikizo la damu na sukari vikapanda. Huo ndio ugonjwa wa Cushing. Uko usiotoa homoni yoyote inayoleta dalili, unakua tu kimyakimya mpaka ubane. Na uko unaotoa prolaktini, ambao katika zile zinazotoa homoni ndio unaoonekana zaidi. Hizo nyingine, matibabu yake ya kwanza kwa kawaida ni upasuaji. Huu wa prolaktini, matibabu yake ya kwanza ni vidonge, hata ukiwa mkubwa, na mara nyingi hata ukiwa umeanza kusumbua macho.

Siku zako zimekoma, maziwa yanatoka, na kwenye karatasi zako hakuna prolaktini. Unaona kwa nini nimekosa usingizi?

Usikimbilie bado kusema basi ni huo. Kuna mtego hapa na nataka uuelewe, kwa sababu ukiuelewa utaweza kuzungumza na daktari yeyote katika hospitali yoyote. Ubongo huizuia pituitari isimwage prolaktini ovyo. Unaizuia kwa dopamini, kemikali ya ubongo inayoshuka kupitia kikonyo kinachoiunganisha tezi na ubongo. Uvimbe wa aina yoyote, hata ule usiotoa homoni, ukikibana kikonyo hicho, kizuizi kinalegea na prolaktini inapanda. Kwa hiyo dalili zako zinaweza kuletwa na aina mbili tofauti kabisa, moja ya vidonge na nyingine ya kisu. Tena kuna hiyo metoklopramidi. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kuizuia dopamini, na kwa sababu hiyo yenyewe inapandisha prolaktini, wakati mwingine sana. Miezi mitano unaimeza. Thairoidi iliyolegea nayo huweza kupandisha prolaktini na hata kuivimbisha pituitari.

Ndiyo maana namba inahitajika, na inahitajika iwe safi. Kwa mwanamke asiye na mimba na asiyenyonyesha, prolaktini kwa kawaida haizidi nanogramu 25 hivi kwa mililita. Kikonyo kikibanwa tu, aghalabu namba inabaki chini ya 100. Uvimbe wenyewe ukiwa ndio unaoitoa, na una ukubwa kama wako, hutarajiwa kuwa mamia. Ikizidi 250 na hakuna dawa inayoipandisha, madaktari wengi hawana tena shaka kubwa. Angalia pia kipimo kilichotumika, kwa sababu baadhi ya maabara huandika kwa yuniti nyingine ambazo namba yake ni kubwa karibu mara 21, na nimewahi kuona mtu akitishwa na namba iliyosomwa vibaya. Uvimbe ukiwa mkubwa mno, prolaktini inaweza kuwa nyingi kiasi cha kukizidi nguvu kipimo kikaonyesha namba ndogo. Maabara huizimua damu na kuipima upya. Wako haujafika huko, lakini namba ikija ya chini kuliko inavyotarajiwa, kuuliza si ujinga.

Pamoja na prolaktini, omba kotisoli, ambayo hupimwa asubuhi karibu saa mbili, homoni za thairoidi, homoni ya ukuaji kupitia kipimo kinachoitwa IGF-1, homoni za uzazi, sodiamu, na mimba kwa mara nyingine. Kotisoli usiiache. Ikiwa iko chini na hakuna anayejua, mtu anaweza kuzidiwa vibaya mezani au baada ya upasuaji. Na kama thairoidi nayo itaonekana iko chini, kotisoli hurekebishwa kwanza, dawa ya thairoidi hufuata. Ukipindua mpangilio huo unaweza kumwingiza mgonjwa kwenye hatari.

Nitakusimulia kisa kimoja. Miaka ya nyuma alikuja kliniki kwetu kijana mmoja, ametoka kufanyiwa upasuaji wa pituitari mahali pengine. Alikuwa amepoteza homoni karibu zote, anakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani na kukojoa usiku kucha. Tulipofungua faili lake, prolaktini ilikuwa imepimwa. Majibu yalitoka siku nne baada ya upasuaji. Yalikuwa yanasoma maelfu. Sehemu ya uvimbe ilikuwa bado imo, na tulimwanzishia vidonge vilevile ambavyo angeweza kuanza navyo kabla ya mtu yeyote kumlaza mezani. Daktari wake hakuwa mtu mbaya. Aliona uvimbe, aliona macho yanabanwa, akafanya anachokijua. Hakukuwa na mtu wa homoni pembeni yake wa kumwambia subiri.

Kama wako utathibitika kuwa wa prolaktini, dawa inayotangulizwa ni kabegolini, kidonge kinachomezwa mara moja au mbili kwa wiki. Isipopatikana ipo bromokriptini, ya zamani zaidi, inayomezwa kila siku na kusumbua tumbo zaidi. Zote zinaanzwa kidogokidogo, usiku, baada ya chakula, kwa sababu huleta kizunguzungu na kichefuchefu. Kwa walio wengi prolaktini hushuka na uvimbe husinyaa. Macho wakati mwingine huanza kufunguka ndani ya siku au wiki chache, na hapo daktari hupima tena ili ajue dawa inashika. Mume wako naye ajue jambo moja: dawa hizi kwa baadhi ya watu hubadilisha tabia, mtu akaanza kamari au matumizi ya fedha yasiyomfanana. Likitokea, liripotiwe, lisifichwe. Na ukiona maji mepesi yanachuruzika puani baada ya kuanza dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo; uvimbe ukisinyaa unaweza kuacha tundu ulilokuwa umeliziba.

Kuhusu mtoto. Wanawake wengi wenye uvimbe wa prolaktini hupata mimba baada ya matibabu, na nimewapokea kliniki wakija na watoto mgongoni. Lakini yai linaweza kupevuka kabla hujaona siku zako za kwanza, kwa hiyo unaweza kushika mimba bila dalili yoyote ya kukutahadharisha. Kwa uvimbe unaogusa mishipa ya macho, madaktari hupenda usinyae kwanza, kwa sababu pituitari huongezeka ukubwa wakati wa ujauzito. Zungumza na daktari wa homoni kuhusu kinga ya muda kabla ya kidonge cha kwanza. Najua ni jambo gumu kuambiwa uzuie mimba baada ya miaka minne ya kuitafuta.

Sasa tuseme namba ya prolaktini imekuja 60. Au IGF-1 imekuja juu. Hapo upasuaji ndio njia, na swali lako la wapi linakuwa zito kweli.

Mama yako anafikiria fuvu linapasuliwa. Kwa uvimbe kama wako, kwa kawaida halipasuliwi kwa juu. Njia ya puani ilitumika mara ya kwanza mwaka 1907, na Hermann Schloffer, huko Innsbruck nchini Austria. Miaka ya 1960 Jules Hardy wa Montreal akaileta hadubini ya upasuaji ndani yake, na tangu miaka ya 1990 wengi hutumia endoskopu, bomba jembamba lenye kamera. Daktari hupita puani, huingia kwenye uwazi wa mfupa ulio nyuma, hufungua kidirisha kwenye sakafu ya kile kishimo na kuutoa uvimbe kutoka chini. Ubongo wenyewe uko juu ya hapo.

Njia ni ya zamani, lakini si nyepesi. Pande zote mbili za tezi hupita mishipa mikubwa ya damu inayolisha ubongo, na kutenganisha uvimbe na tezi nzima kunataka jicho lililoona nyingi. Mwaka 1997 ulichapishwa uchunguzi wa madaktari wa upasuaji wa Marekani uliowagawa kwa idadi ya pituitari walizofanya maishani: chini ya 200, kati ya 200 na 500, na zaidi ya 500. Kadiri idadi ilivyopanda, madhara yalipungua, kuanzia kuvuja kwa maji ya ubongo hadi kupoteza homoni. Mwaka 2017 chama cha kimataifa cha wataalamu wa tezi hii kikatoa maelezo ya namna kituo bora kinavyopaswa kuwa: daktari wa upasuaji aliyebobea kwenye pituitari na daktari wa homoni wakiwa kiini, na karibu nao wataalamu wa macho, wa picha, wa kusoma vinyama vilivyokatwa, na wa mionzi. Ukisoma hivyo utaona kwamba muuguzi rafiki wa mume wako, bila kujua, alikuelezea kituo cha namna hiyo.

Kwa hiyo rudi kwa yule daktari mpole wa karibu. Usiifute tarehe. Mwombe aisogeze mpaka majibu ya homoni yatoke, kisha umuulize kwa heshima, ukimtazama: upasuaji wa pituitari kupitia puani amefanya mingapi mwaka uliopita? Usikubali hesabu ya upasuaji wote wa ubongo, hiyo ni kazi nyingine. Muulize ni wangapi kati yao walivuja maji ya ubongo na wangapi walitoka wakihitaji homoni za maisha. Muulize nani atakayesimamia homoni zako wodini, na sodiamu itapimwa tena siku ya ngapi baada ya kuruhusiwa. Katika miaka yangu yote nimeona kwamba anayeifanya kazi hii mara kwa mara ana majibu mdomoni, wala hakasiriki. Anayesitasita, mwombe akuandikie rufaa. Mara nyingi yeye mwenyewe anafarijika.

Hilo la sodiamu nimelisema kwa makusudi, kwa sababu linagusa mpango wa mjomba. Baada ya upasuaji huu, siku za kwanza mgonjwa anaweza kukojoa lita nyingi na kuwa na kiu isiyokatika, kwa kuwa homoni ya kuzuia maji imetetereka. Wauguzi hulitazama hilo kila saa. Kisha, hasa kati ya siku ya nne na ya kumi, linaweza kuja la kinyume chake: mwili unashikilia maji, sodiamu inashuka, kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege. Wakati huo mgonjwa ameshatoka wodini. Katika mpango wa wakala, wakati huo wewe uko hotelini ukifungasha, au uko angani. Na kama pua itaanza kutoa maji mepesi yasiyo na rangi, ambayo unapoinama yanadondoka na pengine yana ladha ya chumvi, huenda hayo ni maji ya ubongo, na anatakiwa aliyekupasua awe karibu. Madaktari wengi pia hawataki mgonjwa apande ndege mapema baada ya upasuaji huu.

Simkatazi mjomba. Mtu anayesimama mbele ya familia kukusanya fedha kwa ajili ya mtoto wa dada yake anastahili kusikilizwa vizuri, na msije mkafanya jambo hili liwe ugomvi. Mwambieni maswali yangu yaleyale ayapeleke huko nje, yajibiwe na daktari atakayeshika kifaa, kwa jina lake, si na wakala. Aulize pia nani atalipa ukilazimika kulazwa tena, na nani atapokea faili lako ukirudi. Kwenda nje kuna maana pale ambapo karibu na kwenu hakuna timu yenye uzoefu, au uvimbe umejipenyeza pembeni ukaizunguka mishipa mikubwa ya damu, au baada ya upasuaji limebaki pande linalohitaji mionzi ya kulengwa na mashine haipatikani. Hiyo mionzi kwako si ya kuanzia. Hufanya kazi polepole, kwa miaka, na haipendi uvimbe ulioshikana na mishipa ya macho.

Na hata ukienda mwisho wa dunia, utarudi. Utahitaji MRI nyingine baada ya miezi michache, halafu nyingine na nyingine kwa miaka. Huenda ukahitaji haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, kila siku, na mtu wa kukufundisha kuongeza dozi ukipata homa, na kuchomwa sindano unapotapika na dawa haikai tumboni. Daktari wa homoni wa kukufuata miaka hiyo yote lazima awe mahali unapoweza kufika. Ndiyo maana ningekuwa ni mwanangu wa kuzaa, ningemtafuta huyo kwanza, na uamuzi wa kisu ningeupitisha kwake. Kwako maana yake ni hospitali ile ya rufaa, safari ya siku nzima.

Foleni ya miezi isikutishe. Wanaosubiri miezi ni wale ambao karatasi zao hazisemi lolote la haraka. Nenda kesho kwa daktari wa macho uombe kipimo cha uwanja wa kuona, siyo kusoma herufi peke yake. Uvimbe huu ukibana kwenye makutano ya mishipa, hukata pande za nje za macho yote mawili, na mtu anasoma ubaoni vizuri kabisa huku anagonga milango. Ile picha ya kipimo iambatane na barua ya rufaa inayotaja milimita 17 na mishipa ya macho iliyoguswa. Chukua na picha zenyewe za MRI kwenye diski, maana ripoti ya ukurasa mmoja haiwatoshi. Mume wako au huyo rafiki muuguzi apige simu kliniki aseme wazi: mgonjwa anapoteza uwezo wa kuona pembeni. Hilo hubadilisha nafasi ya mtu kwenye foleni. Mpaka hapo usiendeshe gari.

Kuna hali moja ambayo haisubiri foleni, rufaa wala mjomba. Kichwa kikiuma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma, ukatapika, macho yakafifia au ukaona vitu viwiliviwili, kope likaanguka, ukalegea, huenda damu imevuja ndani ya uvimbe. Nendeni hospitali kubwa iliyo karibu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na mume wako aseme mlangoni: ana uvimbe wa pituitari, anaweza kuhitaji haidrokotisoni ya mshipa. Mwandikie maneno hayo kwenye karatasi akae nayo.

Mpango wako wa wiki hii basi. Leo mpigie aliyekuandikia metoklopramidi, umuulize kama unaweza kuiacha. Kwa kawaida siku tatu bila dawa ya namna hiyo zinatosha kabla ya kipimo. Kesho, macho. Siku ya nne, saa mbili asubuhi, maabara. Namba ya prolaktini ikitoka, niandikie tena, pamoja na yuniti zake, nami sitakuweka kwenye foleni.

Mama yako